Bibi Shamba Anajibu: Ukungu wa kijani umeingia kwenye mifuko yangu ya uyoga, nifanyeje?

Ng'wangaluka wasomaji wangu wa kanda ya ziwa na wengine wote mnaotusoma. Mwezi huu meseji za uyoga zimekuwa nyingi kuliko za nyanya, na nadhani sababu ni vuli, mvua zimeanza, unyevu umepanda, na kila mwenye banda kuanzia Buhongwa mpaka Magu anaona rangi ambazo hakuzipanda. Nimechagua zile zinazogusa watu wengi. Picha mlizotuma zimenisaidia sana ila zingine zimepigwa gizani kabisa sioni kitu, ukipiga toa mfuko mlangoni kwenye mwanga, piga kwa karibu, alafu niambie mfuko una siku ngapi tangu uweke mbegu. Hiyo ya siku ni muhimu kuliko picha yenyewe.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mi ni kijana niko Buswelu, nimepanda uyoga mamama (oyster) mifuko 60 kwa majani ya mpunga niliyotoa Magu. Wiki ya kwanza ilikuwa safi, utando mweupe unapanda vizuri, sasa wiki ya pili nimeona madoa ya kijani kwenye mifuko kama 20 na yanakua kila siku. Jirani anasema ni kawaida uyoga unakomaa, mwingine anasema mbegu mbovu. Hela niliyoweka ni mkopo wa kikundi, naomba unisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, najua mkopo wa kikundi unavyomkosesha mtu usingizi. Jirani yako amekosea. Uyoga mamama hauna hatua yoyote ya kuwa kijani ndani ya mfuko, utando wake, yani zile nyuzi ambazo uyoga unachipukia, ni mweupe mwanzo mpaka mwisho. Huo ni ukungu wa kijani, wataalam wanauita trikoderma, na ndo adui mkubwa wa wakulima wa uyoga karibu kila nchi. Katikati ya miaka ya 1980 uliwatia hasara kubwa wakulima wa uyoga vifungo (button, ule wa mviringo) kule Ireland, miaka ya 1990 ukaingia Marekani na Kanada, na hao ni watu wenye vyumba vya kisasa na mashine za kupima kila kitu, kwa hiyo usijilaumu kupita kiasi.

Tatizo lake ni kwamba na wenyewe unaanza mweupe. Siku za mwanzo huwezi kuutofautisha na utando wako, labda uwe na jicho lililozoea ndo utaona weupe wake ni mwembamba na umekimbia haraka mno. Alafu unazaa vimbegu vyake, hapo ndo kijani kinatokea kama unga, na kila chembe ya huo unga inaweza kuanzisha doa lingine. Yani siku unayoona kijani ujue ugonjwa uliingia siku nyingi nyuma. Unakula chakula cha uyoga wako na pia unaushambulia utando wenyewe, unauyeyusha.

Kuhakikisha, chukua kile kijiti cha pamba cha masikioni ugusie kwenye doa, kijani kikibaki kwenye pamba kama unga basi ni ukungu, pamba ikibaki safi inawezekana sio ukungu. Na nusa. Mfuko mzima unanukia uyoga mbichi. Trikoderma mara nyingi ina harufu tamu kama nazi. Mwezi uliopita nilikuwa kwa mama mmoja Kisesa, amenishikisha mfuko ambao kwa nje ni mweupe kabisa, nimeuweka karibu na pua nikasikia nazi, nikamuuliza mama leo umepika wali wa nazi? Akasema hajapika tangu asubuhi. Tukatoka nje mbali na banda tukaupasua, katikati palikuwa kijani kibichi kama ngumi ya mtoto, majani yake yamelegea yanakatika kwa vidole, na pembeni utando mweupe ulikuwa umesimama kwenye mstari wa njano unashindwa kusonga mbele. Ule mstari ndo mahali uyoga ulikuwa unapigana.

Sasa hilo la mbegu mbovu, usimlaumu aliyekuuzia kabla hujaangalia kijani kimeanzia wapi, maana mfuko unasema wenyewe. Mbegu ya uyoga ni punje za nafaka zilizooteshwa utando, sasa kijani kikianzia kwenye hizo punje, yani kila punje ina kijani chake, hapo mbegu ina kesi au mikono iliyoishika. Kikianzia chini kwenye pembe za mfuko ambako maji yametuama, umeloanisha majani kupita kiasi. Kikianzia mdomoni au kwenye matundu, kimeingia baadaye na hewa, na wadudu, au na mikono yako. Na kikitokea ovyoovyo mahali pengi, na ndani katikati kama ule wa Kisesa, basi majani hayakuiva. Kwenye picha yako naona kijani katikati ya mfuko na pembeni bila mpango, kwa hiyo mi nakwambia tatizo lako lipo kwenye pipa la kupikia majani kwa mvuke.

Cha kufanya leo leo. Hudumia kwanza ile 40 mizima, maliza, ndo ugeuke kwenye wagonjwa, usianzie kwa wagonjwa ukarudi kwa wazima na mikono ileile. Ile 20 usiifungue na usijaribu kukata doa ukidhani utaokoa nusu, ukipasua ndani ya banda umerusha unga wote hewani. Vika kila mmoja mfuko mwingine wa nailoni, funga, beba taratibu bila kutikisa, peleka mbali upande ambao upepo hauelekei banda, toa nailoni na majani uyachimbie shimo uyafukie. Ukirudi oga ubadilishe nguo kabla hujaingia tena. Sakafu na chanja pangusa na jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji, subiri pakauke. Ile 40 itenganishe, isigusane, isipangwe kwa kurundikana, maana mfuko unaokua unatoa joto lake na katikati ya rundo panakuwa na joto kuzidi chumba. Mamama akiwa kwenye utando anataka kama nyuzijoto 24 hadi 28, ukivuka 30 unachoka na ukungu ndo unafurahi. Wengi hapa Mwanza tuna vyumba vya bati, tena nyumba imeegemea jiwe, mchana bati linawaka na jiwe linakaa na joto mpaka usiku. Weka nyasi au magunia yenye unyevu juu ya bati, fungua hewa alfajiri.

Kwa mzunguko ujao nataka tuelewane kwenye pipa. Katakata majani yawe mafupi kama sentimita 3 hadi 5, loweka, yachuje mpaka ukikamua kwa nguvu kiganjani yatoke matone mawili matatu tu, yasitiririke. Usiyashindilie, mvuke haupiti kwenye majani yaliyoshindiliwa, nje yanaungua katikati yana uvuguvugu. Na saa usianze kuhesabu ulipowasha moto, anza pale mvuke unapotoka juu kwa nguvu, kuanzia hapo masaa 3 hadi 4. Kama unaweza kupata kipima joto kirefu chomeka mpaka katikati, ukiona 65 mpaka 80 imekaa muda huo uko salama. Alafu kupoza, hapa ndo mi mwenyewe niliumia. Nilipoanza banda langu Nyegezi nilipika vizuri kabisa, nikatandaza majani uani yapoe, upepo wa ziwa unapiga, kuku wanapita, na hatua chache pembeni kulikuwa na lundo la majani ya zamani yaliyooza. Nilipoteza mifuko 85. Majani yaliyopikwa ni chakula kisicho na mlinzi, chochote kinachotua juu yake kinakua, kwa hiyo yapoze ndani, juu ya plastiki iliyopanguswa spiriti, madirisha yamefungwa, na weka mbegu siku hiyohiyo yakiwa vuguvugu la mkono. Mbegu nayo usiibane, kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani yaliyolowa, utando ukiwahi kushika mfuko mzima ukungu unakosa pa kukaa.

SWALI: Habari za kazi Bibi Shamba, mimi ni mama wa Mkolani, nalima nyanya na uyoga kidogo. Nilipoona ukungu kwenye mifuko nilipulizia ile dawa ya ukungu ya nyanya, baada ya siku nne utando wote umekuwa kama umekufa, vichwa vidogo vilivyokuwa vinatoka vimenyauka. Je nilizidisha dozi? Nipunguze?

JIBU: Salama mama mwenzangu. Hujazidisha dozi, umepulizia dawa ya kuua fangasi kwenye fangasi. Uyoga wenyewe ni fangasi, ni ndugu wa damu wa hicho unachotaka kukiua, na hiyo dawa haina macho ya kuchagua huyu wa kuuza na huyu wa kutupa. Ukipunguza dozi unaweza kuishia kuwaudhi wote wawili bila kumuua yule mbaya.

Kuna nchi wanatumia dawa chache sana kwenye uyoga vifungo, ile aina inayofunikwa udongo juu, moja inaitwa prokoloraz, na wanaimwaga kwenye udongo kwa kipimo maalum muda kabla ya kuvuna. Hata huko wameshaona magonjwa yakizoea dawa za kundi la benomili mpaka zikawa hazifanyi kazi. Sisi wa mamama tunalima kwenye mfuko, hakuna udongo wa kumwagia, na toka kichwa kinachomoza mpaka unavuna ni siku chache tu, hiyo sumu itaenda wapi mama? Itaenda kwenye sahani ya mteja. Nakuomba, huo uliopulizia usiuuze hata ukichipua tena. Na siku zote soma lebo, dawa zilizosajiliwa nchini ziko chini ya mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, na kama kwenye lebo hakuna neno uyoga basi haikutengenezwa kwa ajili yako.

Kitu ambacho kinasaidia na sio sumu ya dukani ni chokaa. Trikoderma inapenda mazingira ya uchachu, mamama anavumilia yasiyo na uchachu. Wengine ambao kuni na mkaa vimewashinda bei wanaloweka majani kwenye maji ya chokaa bila kupika kabisa, kama kilo 1 kwa pipa la lita 200, masaa 12 mpaka 18, wanakandamiza kwa mawe yasielee, wanatoa wanachuja vizuri ndo wanapanda. Inafanya kazi ila iwe chokaa ile ya kujengea na kupaka ukuta, sio ya kupooza udongo shambani, hiyo ya shambani haina ukali unaotakiwa. Vaa glavu, inachubua, na isikurukie machoni. Na maji yake tafadhali usiyamwage kwenye mfereji unaoshuka ziwani, yana ukali wa kuua vifaranga vya samaki, chimba shimo uyamwage huko.

SWALI: Dada Bibi Shamba, niko Ukerewe karibu na Nansio. Uyoga wangu umeanza kutoka vizuri ila juu yake kuna manyoya meupe kama pamba, unafunika kichwa chote. Nimeosha kwa kupulizia maji kwa nguvu, kesho yake umekuwa mahali pengi zaidi. Mume wangu anasema ni utando tu wa uyoga.

JIBU: Mdogo wangu, hapa mumeo anaweza kuwa sahihi nusu, sikiliza vizuri. Kuna manyoya meupe safi yanayokaa kwenye shina tu, chini, kichwa chenyewe kiko salama. Hiyo ni uyoga unalalamika hewa, hewa ukaa imejaa chumbani, fungua madirisha na siku mbili tatu vinavyofuata vitatoka bila manyoya. Lakini wewe umesema kichwa chote, na umesema kumesambaa baada ya kupulizia maji, huo ni ugonjwa wa utando wa buibui, ukungu wake unaitwa kladobotriamu. Mara nyingi unaanzia kwenye kisiki ulichokiacha wakati wa kuvuna au kichwa kidogo kilichokufa, unatambaa kama buibui anavyotambaza nyuzi, mwanzo mweupe laini alafu unakuwa wa kijivu kama unga, ukizeeka unaweza kuwa na wekundu fulani. Unachokifunika kinakuwa kahawia kinalainika kinaoza.

Sasa maji. Vimbegu vyake ni vikavu na vimekaa juu ya nyuzi, tone la maji likitua tu vinaruka hewani, na chumba chako ukakipiga kwa pampu kwa nguvu, yani umeupanda mwenyewe kila kona. Ndo maana kesho yake ukaona mahali pengi. Chukua karatasi ya chooni au tishu iloweshe, ifunike juu ya doa taratibu kama unavyofunika mtoto aliyelala, isipeperushe chochote, mwaga chumvi ya kawaida juu yake mpaka kingo zote zimefunikwa, acha. Kama ni kichwa kimoja kimoja, kifunike na tishu hiyo uking'oe ndani yake na utie kwenye mfuko palepale. Umwagiliaji ufanyike baada ya kuwa umefunika madoa yote, kamwe sio kabla. Na punguza unyevu, huko kisiwani hewa ina maji tayari, huhitaji kunyunyiza mara nne kwa siku kama mtu wa Shinyanga, angalia ukuta na sakafu, vikiwa vimelowa acha kwanza. Ukivuna zungusha shina ling'oke lote, usikate kwa kisu ukaacha kisiki.

SWALI: Mama, mifuko yangu siku ya tatu tu imetoa unga wa rangi ya chungwa, wa kuvutia kabisa, unatoka mpaka nje ya mfuko. Ni nini? Wa Usagara.

JIBU: Mwanangu usiuguse na usiupulize. Ni nyurospora, fangasi ileile inayoota kwenye mkate na kwenye magunzi yaliyopigwa mvua. Kati ya zote hii ndo yenye mbio, chumba kizima kwa siku chache. Ina aina ya vimbegu ambavyo moto wa wastani hauviui, kinyume chake unaviamsha usingizini, kwa hiyo aliyepika nusunusu ndo anaipata zaidi. Kama unatumia magunzi au maranda yaliyokaa nje yakalowa, anza kushuku hapo. Funika kila mfuko na kitambaa kilicholowa jiki, ndani ya nailoni, nje, fukia kina kirefu. Pamba unazoziba mdomo wa mfuko zisilowe, nyurospora inapita kwenye pamba mbichi kama mlango ulio wazi. Banda lipumzike wiki mbili likiwa tupu, kavu na limeoshwa.

SWALI: Shikamoo. Huku Igombe wale wadudu wa ziwani wanaoonekana kama moshi wakija, banda langu linajaa, na baada ya hapo ndo ukungu unaanza. Ni wao wanaoleta?

JIBU: Marahaba. Wale wadudu watoto wao wanaishi ndani ya ziwa, hawatagi kwenye mifuko yako na hawali uyoga. Lakini mdudu yeyote akitua kwenye ukungu kisha akatua kwenye mfuko mzima amebeba mzigo miguuni, na wakifa kwa maelfu kwenye sakafu yenye unyevu wanaoza na ukungu unaota juu yao, kwa hiyo uliloliona ni kweli. Wanafuata taa, zima taa za nje karibu na banda jioni, hasa usiku wa mwezi mwandamo ambao mara nyingi ndo wanatoka kwa wingi, na asubuhi fagia na uwatoe kabla ya kumwagilia.

Ila mi naogopa zaidi wale vinzi weusi wadogo usiowatilia maanani, wanaokimbia kimbia juu ya mfuko. Hao watoto wao wako ndani, funza weupe wembamba, wengine wana kichwa cheusi kinachong'aa, wanakula utando na kuutoboa, na wakubwa wanabeba vimbegu vya ukungu toka mfuko hadi mfuko. Chandarua kimoja cha mbu kinapitisha wadogo, weka tabaka mbili kwenye madirisha, mlango uwe na pazia, na ning'iniza vipande vya plastiki ya njano vilivyopakwa grisi, njano inawavuta. Kila Jumatatu hesabu walionasa uandike ukutani. Namba ikipanda wiki mbili mfululizo ujue kuna mfuko umeshaharibika mahali, utafute.

SWALI: Bibi Shamba, uyoga wangu una madoa ya kahawia na njano juu, yanateleza, na mwingine una shina refu kichwa kidogo kama tarumbeta. Ni ukungu gani? Niko Pasiansi.

JIBU: Hakuna ukungu hapo. Madoa yanayoteleza ni bakteria, wanaota pale maji yanapokaa juu ya kichwa, kwa hiyo baada ya kunyunyiza acha hewa ipite mpaka vichwa vikauke ndani ya masaa 2 au 3, na usinyunyize jioni madirisha ukafunga. Tarumbeta ni hewa ukaa na mwanga mdogo, fungua. Dawa usinunue.

SWALI: Naomba kujua, kama mfuko una kijani upande mmoja na uyoga mzuri umetoka upande mwingine, naweza kuula au kuuza? Na ile mifuko mibovu naweza kuwapa kuku? Mama lishe, Kirumba.

JIBU: Ukweli mama, mifuko iliyokwisha kuvunwa mara tatu karibu yote inapata kijani mahali, chakula kimeisha na utando umechoka. Uyoga uliotoka upande wa mbali, msafi, mgumu, usio na doa, watu wanavuna na kula. Lakini ule unaotoka juu ya kijani au umepakwa unga wake usiule na usimpe mteja, kuosha hakuondoi.

Na kwenye mifuko sio kila kijani ni trikoderma. Kuna ukungu wa kijani cha njano, kama rangi ya mchicha uliozeeka, na kuna mweusi kama masizi, hao ni wa ukoo wa aspagilasi, ndimo alimo yule anayetengeneza sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwenye mahindi. Kwa macho huwezi kujua huu una sumu na huu hauna. Kwa hiyo kuku hapana, ng'ombe hapana, bata hapana. Wengi wanaochanganya pumba nyingi au mashudu ya pamba ili wapate mavuno makubwa ndo wanaowaalika hawa, mashudu yana chakula kingi mno na kupika kwenye pipa la kawaida hakutoshi, kama huna mtambo wa kupikia kwa presha baki na majani na makapi ya pamba peke yake. Ile mifuko iliyochoka ambayo haina ukungu mbaya iweke kwenye shimo la mboji, ikioza vizuri bustani ya mchicha itakushukuru.

SWALI: Bibi Shamba, mimi ni mzee wa miaka 67, nipo Igoma. Uyoga tunalima na wajukuu, tunashukuru Mungu unatoka. Lakini nikiingia bandani asubuhi nakohoa mpaka kifua kinabana, jioni homa kidogo, nikikaa nje siku mbili napona. Wajukuu wanasema ni vumbi. Kuna ugonjwa wa ukungu unaoingia kwa mtu?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na nimeliweka mwisho kwa sababu nataka usome jibu polepole, au wajukuu wakusomee.

Uyoga mamama ukiachwa ukakomaa unamwaga unga mweupe mwingi sana, asubuhi ukiingia unaona kama moshi kwenye mwanga wa dirisha na vichwa vya chini vimepakwa weupe. Huo unga ndo vimbegu vyake, na mapafu ya watu wengine hayauvumilii, wanakohoa, wanabanwa, wanapata homa masaa machache baadaye, wakitoka wanapona wakirudi wanaumwa tena, kama unavyoeleza wewe. Sio uchawi na sio uzee. Ukiendelea kuingia hivyohivyo miaka mingi mapafu yanaweza kupata kovu lisilorudi nyuma, ndo maana nakuomba usivumilie.

Kwanza wewe usiingie tena bandani kwa sasa, waachie vijana. Wao wavune mapema, pale ukingo wa kichwa bado umejikunja kuelekea chini, wasisubiri ufunguke uwe bapa kama sahani, na hata bei sokoni ni nzuri zaidi ukiwa hivyo. Wafungue milango na madirisha nusu saa kabla ya kuingia, wavae barakoa zile ngumu za kuzuia vumbi, sio kitambaa. Mifuko yenye ukungu wa kijani au mweusi wewe usiisogelee kabisa, hata ikiwa nje.

Alafu nenda hospitali, na ukifika usiseme tu nakohoa, maana wataishia kupima kifua kikuu na malaria wakurudishe nyumbani. Vipimo hivyo wafanye, ni sawa, ila mwambie daktari kwa maneno haya, nalima uyoga ndani ya chumba, nikiingia nabanwa, nikikaa nje siku mbili napona. Mjukuu mmoja aende na wewe na aandike majibu. Kazi ya kuuza na kuhesabu hela bado unaweza kuifanya mzee wangu, kaa mlangoni kwenye kivuli uwaelekeze. Wajukuu waniandikie daktari amesemaje, nasubiri.